Kuongeza Kina cha Shimo la Pikapu kwa Patasi na Drili ya Mkono

Umenunua pikapu mpya ya gitaa la umeme (kifaa chenye sumaku na koili kinachonasa mtetemo wa nyuzi), umeilehemu waya zake, umerudisha nyuzi, kisha unazungusha skrubu ili uishushe na haishuki. Springi imelegea kabisa, lakini pikapu imekalia sakafu ya shimo, na uso wake umesimama karibu kugusa nyuzi. Hapo wengi hukata tamaa, au hupeleka gitaa kwa fundi mwenye ruta, mashine ya kuchongea mbao, wakalipia kazi ya kuondoa mbao isiyojaa kiganja.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na patasi mbili, drili na subira. Nimeifanya mara nyingi, na kila mara kitu kilichoamua matokeo kilikuwa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya patasi kugusa mbao. Ndiyo maana sehemu ya vipimo humu ni ndefu kuliko utakavyotarajia. Tafadhali usiiruke.

Kwa nini pikapu isishuke?

Magitaa ya umeme hayakuchongwa kwa kipimo kimoja. Gitaa la Stratocaster la kampuni ya Fender, lililotoka mwaka 1954, ilitengenezewa pikapu nyembamba za koili moja, zinazoning'inia kwenye pikigadi, lile bamba jembamba linalofunika uso wa gitaa chini ya nyuzi. Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955, ni pana zaidi na ina miguu miwili ya chuma inayoteremka chini ya bamba lake. Unapohamisha pikapu kutoka ukoo mmoja wa magitaa kwenda mwingine, au unapoweka yenye sumaku nene badala ya ile iliyokuja na gitaa, kina kilichotosha jana leo hakitoshi.

Pikapu iliyo juu mno haishii kukwaruzwa na kipiki cha kupigia nyuzi. Sumaku zake huvuta nyuzi. Ukibonyeza uzi mnene wa sita kwenye freti (vile vipande vya chuma vya shingoni) za juu, utasikia noti inayotetemeka kana kwamba kuna noti mbili zinazogombana, na hata ukikaza uzi namna gani haitulii. Uzi nao haudumu kulia kama ulivyozoea. Watu hubadilisha nyuzi, husogeza daraja linaloshika nyuzi mwilini, hulaumu freti, kumbe tatizo ni milimita mbili za mbao chini ya pikapu.

Hakikisha kwanza kwamba mbao ndiyo inayozuia

Kuna vitu vinne vya kuangalia kabla ya kuondoa hata kibanzi kimoja. Skrubu za kurekebisha urefu huenda ni ndefu mno na ncha zake ndizo zinazogonga sakafu. Hizo hukatwa kwa msumeno wa chuma na kusawazishwa kwa tupa, kazi ikaisha. Huenda waya umekunjwa chini ya pikapu badala ya kupita pembeni. Huenda kuna kipande cha sponji kilichowekwa kiwandani ambacho kimekuwa kigumu kwa uzee. Na kama pikapu yako ni ya koili mbili yenye miguu mirefu, kumbuka kwamba zipo zenye miguu mifupi. Kama bado unaweza kuirudisha dukani na kubadilishiwa, fanya hivyo.

Wako wanaokata ncha za skrubu za sumaku zinazochomoza chini ya pikapu. Mimi sipendi. Waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa, takriban milimita 0.06, na mshtuko mmoja wa koleo ukiukata umepoteza pikapu nzima.

Halafu kuna gitaa ambalo hupaswi kuligusa. Gitaa la zamani ambalo bado lina mbao na rangi yake ya asili hupoteza thamani kubwa mara mashimo yake yanapochongwa, na hakuna namna ya kurudisha. Gitaa lenye mwili wazi ndani pia liache, kwa sababu chini ya pikapu yake huenda hakuna mbao ya kuchonga.

Vipimo

Ili kujua pikapu inagusa wapi hasa, chukua udongo laini wa kuchezea watoto, finyanga vidonge vidogo, na uvipange sakafuni: viwili chini ya miguu, kimoja katikati, vingine kwenye kona. Weka pikapu, ibonyeze hadi ikome, itoe. Kidonge kilichobaki kinene kinakwambia hapo kuna nafasi. Kilichobanwa hadi kuwa kama karatasi kinakwambia hapo ndipo panapozuia. Mara nyingi sana utakuta vidonge vya katikati vina unene wa milimita tatu na vya miguuni vimebanwa kabisa. Kama ndivyo, sakafu nzima huhitaji kuigusa. Utachimba vifuko viwili vya miguu, na kazi ya siku imegeuka kuwa kazi ya saa moja.

Sasa chukua namba. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka uso wa mwili wa gitaa hadi upande wa chini wa uzi, pale juu ya shimo. Fanya hivyo kwa uzi wa sita na wa kwanza, uchukue kipimo kidogo zaidi. Tuseme umepata milimita 11. Unataka nafasi kati ya pikapu na uzi, tuseme milimita 2.5. Basi uso wa pikapu unatakiwa kuchomoza milimita 8.5 juu ya mwili.

Pima pikapu yenyewe kutoka juu hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo lake, pamoja na mahali waya unapotokea. Tuseme milimita 24. Toa 8.5, unabaki na 15.5. Ongeza milimita 2 za nafasi ya waya na ya kurekebisha baadaye: shimo linahitaji kina cha 17.5. Kama sasa lina 15, utaondoa 2.5. Rudia hesabu hiyo hiyo kwa miguu. Ikiwa kutoka juu ya pikapu hadi ncha ya mguu ni 30, vifuko vinahitaji kina cha 23.5. Usisahau skrubu inayopita kwenye mguu: ncha yake nayo inahitaji pa kwenda.

Kama gitaa lako lina pikigadi, amua vipimo vyote vianzie juu ya pikigadi au vyote vianzie kwenye mbao. Kuchanganya viwili hivyo ni kosa la milimita mbili na ushee, na hapa milimita mbili ndiyo kazi yenyewe.

Bado kuna swali zito kuliko yote: chini ya sakafu kuna mbao kiasi gani? Mwili wa Stratocaster una unene wa takriban milimita 45, lakini ukigeuza gitaa utaona nyuma kuna shimo la springi za tremolo (daraja linalotikiswa kwa mkono), na shimo hilo linapita chini ya eneo la pikapu. Pima kina chake. Likiwa na milimita 16, na shimo lako la mbele likifika 17.5, katikati patabaki 11.5. Hapo hakuna wasiwasi. Mimi binafsi sishuki chini ya milimita 6 za mbao, na pale penye vifuko vya miguu nachora mstari wa shimo la nyuma kwenye karatasi, nauhamishia mbele, nione kama vifuko vinaangukia juu yake au pembeni. Magitaa yenye mwili mwembamba, wa milimita 35 hivi, yanataka uangalifu mara mbili. Kwenye pikapu ya shingoni angalia pia skrubu zinazoshika shingo, na kwenye magitaa ya shingo ya kugundisha, ulimi wa shingo huweza kuingia hadi ndani ya shimo. Sehemu hiyo ndiyo inayobeba mvuto wa nyuzi, usiipunguze bila sababu ya lazima.

Vifaa

Patasi mbili zinatosha, ya milimita 6 na ya milimita 12. Za bei nafuu zinafaa kabisa mradi zinolewe. Ongeza drili ya kuzungusha kwa mkono au ya betri, biti ya milimita 3 na nyingine ya milimita 12, nyundo ndogo ya mbao, klempu mbili, taulo nene, tepu ya karatasi, rula ya chuma, na alenki moja (ufunguo wa pembe sita uliopinda) ya milimita 5 au 6 ambayo huihitaji kwa kazi nyingine. Miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi vaa tangu mwanzo.

Patasi mpya haijanolewa, hata kama kwenye paketi wameandika imenolewa. Bandika msasa kwenye kipande cha kioo, namba 240, kisha 400, 800 na 1500, na utumie maji kidogo. Anza na mgongo bapa, sentimita mbili za mwisho tu, hadi ung'ae wote. Kisha nenda upande wa mshazari, ukitunza pembe ya takriban digrii 25, hadi usikie kwa kidole ukingo mdogo uliojikunja nyuma, uuondoe kwa kupitisha mgongo mara mbili tatu. Jaribu patasi kwenye kichwa cha ubao laini, pale ulipokatwa kwa msumeno. Ikikata na kuacha uso unaong'aa, iko tayari. Ikiacha unga na mikwaruzo, rudi kwenye msasa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu mbao nyingi za magitaa, hasa baswudi na popla, ni laini. Patasi butu haizikati, inazisaga na kuzing'oa.

Tengeneza vitu vitatu kutokana na vipande vya mbao.

Cha kwanza ni kipima kina. Chukua kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 15, pitisha skrubu katikati hadi ncha itokeze upande wa pili kwa kipimo kamili unachotaka, kwa mfano wetu milimita 17.5. Isawazishe ncha kwa tupa isikwaruze. Ukikilaza kijiti juu ya shimo na kukisogeza huku na huku, skrubu itakwama palipo juu na kuelea palipofika. Sijaona kalipa ya bei yoyote inayofanya kazi hii vizuri zaidi.

Cha pili ni kizuizi cha biti. Kata kipande cha mbao chenye upana wa milimita 12 hivi, kitoboe kwa urefu wake, kivishe kwenye biti ya milimita 3, ukikate hadi biti itokeze milimita 2.5 tu. Watu hutumia tepu iliyozungushwa kwenye biti kama alama ya kina. Mimi pia nilitumia, mpaka siku tepu ilipopanda taratibu bila mimi kuona na biti ikatokea upande wa nyuma wa gitaa la rafiki yangu. Tangu siku hiyo ni mbao tu.

Cha tatu ni randa ndogo ya sakafu. Ile alenki ina mkono mfupi na mkono mrefu. Nolea ncha ya mkono mfupi iwe kama patasi ndogo: chini bapa, juu mshazari. Tumia jiwe la kunolea, kwa kuwa chuma chake ni kigumu na tupa ya kawaida huteleza. Kisha toboa kijiti kigumu tundu linalobana mkono mrefu barabara, uupitishe, na uongeze kabari nyembamba isisogee. Kijiti kikilala juu ya kingo za shimo, mkono mfupi unalala sakafuni kwa kina ulichoupanga. Utauona umuhimu wake mbele kidogo.

Kulivua gitaa

Piga picha za waya zote kabla ya kugusa chochote, kwa karibu na kwa mbali. Legeza nyuzi kidogo kidogo kwa zamu, uzitoe. Toa pikapu zote, hata zile usizozibadilisha, uzifunge kwenye mfuko na kuziweka mbali na meza. Sumaku zake hunyonya unga wa chuma unaotoka kwenye tupa na msasa, na unga huo ukishajificha kati ya koili na kifuniko hautoki kirahisi. Kwa sababu hiyohiyo usitumie sufi ya chuma karibu na gitaa.

Tafuta waya unaotoka kwenye daraja kwenda kwenye sehemu ya vitufe vya sauti. Huo ndio waya wa ardhi wa nyuzi. Kwenye magitaa mengi hupita ndani ya tundu lililotobolewa kutoka mahali fulani karibu na shimo la pikapu ya daraja. Ujue unapita wapi kabla ya kutoboa. Waya nyingine zivute zote upande mmoja na kuzibandika kwa tepu.

Bandika tepu ya karatasi kuzunguka shimo, tabaka mbili, hadi kwenye ukingo wenyewe. Rangi ya polista hukatika vipande kama kioo ikigongwa na shingo ya patasi. Laza gitaa kwenye taulo juu ya meza isiyoyumba, libane kwa klempu mbili zilizowekewa ngozi au kitambaa kinene. Gitaa linalotembea mezani litakupeleka patasi usikotaka.

Vifuko vya miguu

Kama udongo ulionyesha kwamba ni miguu tu, fanya hivi. Paka chaki kwenye ncha za miguu, weka pikapu mahali pake, ibonyeze: chaki inaacha alama mbili. Toboa katikati ya kila alama kwa biti ya milimita 3, kisha panua kwa ile ya milimita 12.

Aina ya biti ina maana kubwa hapa. Biti ya Forstner huacha sakafu bapa, lakini ina ncha ndogo katikati inayotangulia mbele ya makali. Ipime na uihesabu kama sehemu ya kina. Biti bapa kama jembe, zile za kutobolea milango, zina ncha ndefu zaidi na nashauri usizilete karibu na gitaa. Biti ya kawaida ya mzunguko, ikiwa pana na ikiingia kwenye tundu lililokwisha kutobolewa, hupenda kujivuta chini yenyewe kwa ghafla. Ukiwa nayo hiyo tu, izungushe polepole, shikilia drili kama unayeizuia isishuke, na simama kila baada ya mizunguko michache upime kwa kijiti.

Tundu la pili kando yake, linalopandana kidogo na la kwanza, litatoa kifuko chenye umbo la mguu. Safisha katikati kwa patasi ya milimita 6. Ukingo wa kifuko ukibaki na meno meno, uache. Hautaonekana na haugusi kitu.

Sakafu nzima

Ukilazimika kushusha sakafu yote, anza na vitone. Kwa biti ya milimita 3 yenye kizuizi chake, toboa vitone sakafuni kila baada ya sentimita moja, ukiacha milimita 6 au 7 kutoka ukutani. Vyote vina kina kimoja, milimita 2.5. Utachonga mpaka vitone vinapofifia, na pale kitone kinapotoweka umefika. Nimechagua biti nyembamba kwa makusudi: ncha ya biti ni koni, na koni ya biti ya milimita 8 peke yake ina urefu unaozidi milimita 2, yaani karibu kina chote tunachotafuta. Ya milimita 3 ina koni isiyofika milimita 1, kwa hiyo inakupa alama ya kuaminika.

Sasa tazama mkondo wa mbao, yaani mwelekeo wa mistari yake. Kwenye magitaa mengi unafuata mwelekeo wa nyuzi, kutoka shingoni kwenda darajani. Shimo la pikapu limelala kinyume chake, upande mrefu unakata mkondo. Kuna mambo mawili yanayotokana na hilo. Ukichonga kwa kufuata urefu wa shimo unakatiza mkondo, na patasi haipendi kuzama, ndiyo maana tutachonga uelekeo huo. Ukichonga kwa upana unafuata mkondo, na patasi huweza kupiga mbizi ikang'oa kibanzi kirefu kuliko ulivyokusudia. Jambo la pili ni kuta. Kuta fupi za kushoto na kulia zimekwenda sambamba na mkondo. Ukisimamisha patasi hapo na kuigonga kwa nguvu, mbao inaweza kupasuka kama kuni.

Basi utaratibu ni huu. Simamisha patasi wima, mgongo bapa ukiegemea ukuta mrefu, gonga kidogo ikate milimita moja hivi. Zunguka kuta zote mbili ndefu kwanza. Ndipo uende kwenye kuta fupi, na huko usigonge, bonyeza tu kwa uzito wa mwili ukitingisha patasi taratibu. Kwenye kona za mviringo tumia patasi ya milimita 6 kwa mikato midogo midogo inayofuatana. Mkato huo wa pembeni ndio unaozuia vibanzi visiendelee hadi ukutani.

Baada ya hapo ondoa sakafu. Shida utakayokutana nayo mara moja ni kwamba patasi hailali. Shimo lina kina cha milimita 15 na zaidi, mpini unagonga ukingo wa upande wa pili, na ukilazimisha utavunja rangi. Dawa yake ni kugeuza patasi, mshazari uwe chini na mgongo uwe juu. Patasi ikilalia mshazari wake wa digrii 25, shingo yake inapanda kwa pembe hiyo hiyo na kuuvuka ukingo wa nyuma bila kuugusa, ilimradi ukingo huo uwe umbali wa milimita 40 hivi kutoka kwenye makali. Katika shimo lenye urefu wa milimita 70 na upana wa 38, hilo linawezekana kwa urefu tu. Kwa bahati njema ndio uelekeo tuliokwisha kuuchagua kwa sababu ya mkondo wa mbao.

Shika patasi kwa mkono mmoja mpinini, vidole viwili vya mkono wa pili vikiwa karibu na makali kama usukani, kamwe visiwe mbele yake. Sukuma kutoka katikati kwenda ukutani. Ukiinua mpini kidogo patasi inachimba, ukiushusha inatoka. Baada ya dakika tano mikono itakuwa imeelewa. Ondoa nusu milimita kwa mpito, usafishe, upime. Ukimaliza upande mmoja, zunguka meza ufanye wa pili. Vipimo vya juu vinakuonyesha kwamba katikati ya shimo patabaki utepe wa sentimita moja hivi ambao patasi haiufikii vizuri kutoka upande wowote. Hapo ndipo randa yako ya alenki inapoingia. Ishushe kwa kina kamili, laza kijiti juu ya kingo zilizobandikwa tepu, isukume kwa miondoko mifupi. Itasawazisha utepe ule na pia mabonde mengine uliyoyaacha, na sakafu itatoka sambamba na uso wa gitaa.

Mbao zina tabia tofauti. Alda inakatika kwa adabu. Ashi ina mistari migumu na laini inayopishana, patasi inarukaruka, chukua kidogo kidogo. Mahogani wakati mwingine ina mkondo unaobadilika katikati ya shimo. Ukiona inang'oka, geukia upande wa pili. Mepo ni ngumu, itakulazimisha kunoa mara kwa mara. Magitaa ya bei ya chini hutengenezwa pia kwa plaiwudi, na gundi kati ya tabaka zake hula makali haraka, ila ina faida moja: ukifika kwenye tabaka jipya unaliona.

Acha unapoona vitone vya mwisho vimefifia na kipima kina kinateleza bila kukwama. Usitafute sakafu laini kama meza. Pitisha msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kijiti, toa nyuzinyuzi zilizosimama, basi.

Ikitokea umetoboa hadi nyuma, usiongeze chochote. Chonga kigingi cha mbao ya aina ileile, kipake gundi ya mbao, kipige ndani mkondo wake ukilingana na wa mwili, uache siku nzima, kisha ukisawazishe. Rangi ya nyuma itahitaji kurekebishwa, lakini gitaa halijafa.

Ngao dhidi ya mvumo

Kama shimo lilikuwa limepakwa rangi nyeusi inayopitisha umeme au limebandikwa karatasi ya shaba, umekata njia yake. Bila kuirudisha, gitaa litavuma zaidi kuliko zamani, hasa lenye pikapu za koili moja. Fyonza vumbi lote, kisha bandika upya shaba sakafuni na upandishe kwenye kuta ipande juu ya ile ya zamani angalau milimita 5. Hata kama gundi ya shaba yako inasemekana kupitisha umeme, weka tone la lihamu kwenye viungo. Pima kwa mita kwamba sakafu mpya imeungana na waya wa ardhi. Angalia mguu au skrubu isiyo ya ardhi isiguse shaba hiyo, na ufunike kwa tepu sehemu yoyote ya waya iliyo uchi.

Kama shimo lilikuwa mbao tupu, mkono mmoja wa vanishi unatosha kuzuia unyevu.

Kurudisha

Pikapu zinazoshikwa na skrubu moja kwa moja kwenye sakafu zinataka hesabu ya ziada. Sakafu imeshuka, kwa hiyo skrubu ileile sasa inafika chini zaidi. Ilinganishe na mbao iliyobaki, na kama haiachi angalau milimita 2, ikate. Toboa tundu jembamba la kuiongoza kwanza, na weka sponji mpya chini ya pikapu ili isiyumbe.

Weka pikapu bila nyuzi, izungushe skrubu hadi ishuke kabisa, uone kama inakwenda bila kukwama na waya haubanwi. Lehemu kwa kufuata picha. Chomeka kwenye spika ya gitaa, gusa kila pikapu kwa bisibisi usikie mlio, ndipo urudishe nyuzi na kuzikaza.

Mwisho ni kuweka urefu. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, pima kutoka upande wake wa chini hadi kichwa cha sumaku. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, Fender wanapendekeza kuanzia milimita 2.4 upande wa uzi wa sita na 2.0 upande wa uzi wa kwanza. Za sumaku kali zaidi zishushe, hadi 3.2 na 2.4. Za koili mbili kwa kawaida huvumilia kusogea karibu zaidi. Piga noti ndefu kwenye freti ya 12 na kuendelea, uzi wa sita, pikapu ya shingoni. Kama ule mtetemo wa noti mbili bado upo, shusha robo mzunguko na usikilize tena. Safari hii skrubu itazunguka na pikapu itashuka.